Nililinda Moto, Nikausahau Moshi

Jumamosi moja ya Julai 2021, jioni, nilichoma mabua ya mpunga katika shamba langu la ekari mbili kati ya Ipinda na Matema, wilayani Kyela. Kabla hakujapambazuka, mjukuu wa jirani yangu, mtoto wa miaka minne, alikuwa hospitali akipumulia oksijeni. Daktari aliuliza kama karibu na nyumba kulikuwa na moshi. Mimi ndiye niliyemjibu. Nilimficha.

Naandika haya kwa sababu najua kuna mwenzangu aliye njiani kufanya nilichofanya, naye atakifanya kama mimi, kwa nia njema na kwa uangalifu mkubwa. Simwandikii mzembe. Namwandikia mwangalifu.

Nilifundisha shule ya msingi miaka thelathini na moja. Nilipostaafu nilirudi kijijini kulima mpunga na kakao, na haukupita muda mrefu wanakijiji wakaniweka kwenye kamati ya mazingira. Niliipokea kazi hiyo kwa moyo. Miaka michache kabla, moto wa shamba moja la mpunga ulikuwa umeruka mpaka ukaingia kwenye kakao ya watu, na mkakao si mhindi kwamba utapanda mwakani ukavuna mwakani. Nilimwona mzee mwenye kakao ile amesimama katikati ya miti iliyoungua, mikono nyuma, hasemi neno. Nikajiapiza kwamba katika kitongoji chetu moto hautaruka tena.

Anayeujua mchele wa Kyela huujua kwa harufu, hata kabla hajauonja. Lakini mchele ukishafika Mbeya au Dar es Salaam, shambani kunabaki mabua, na mashineni kunabaki milima ya pumba. Mwezi wa sita na wa saba, mvua zetu nyingi zikishapungua na mavuno yakishaingia ndani, kila mkulima anajiuliza aifanye nini takataka hiyo. Ng'ombe hula kidogo. Yanayobaki yanazuia jembe na yanafuga panya. Kiberiti kinamaliza kazi ya wiki mbili kwa usiku mmoja, na baba zetu walifanya hivyo hivyo. Kwa hiyo sikuwahi kujiuliza kama tuchome. Nilijiuliza tuchomeje.

Nikatunga kanuni nne. Ya kwanza, lima ukanda wa hatua nne usio na jani hata moja kuzunguka shamba lote. Ya pili, weka vijana wenye ndoo za maji na matawi mabichi kila kona. Ya tatu, nyunyizia maji kingo za mabua ili moto uende polepole. Ya nne, ambayo niliisisitiza kuliko zote, usichome mchana wakati upepo wa ziwani unavuma kuja bara. Ngoja jioni, upepo ukitulia kabisa, majani ya mgomba yasipotikisika, ndipo uwashe.

Nilizifundisha kanuni hizo kwenye mkutano wa kitongoji kwa kuchora ubaoni, kama nilivyozoea. Watu walinisikiliza kwa sababu nilikuwa mwalimu wao, wengine tangu darasa la kwanza. Miaka mitatu ikapita, hakuna moto ulioruka. Nilishukuriwa. "Ndaga, mwalimu," walikuwa wakiniambia njiani, nami niliipokea shukrani hiyo nikiamini kwamba nimeistahili.

Kanuni zote nne zilikuwa sahihi kwa moto. Tatu kati yake ndizo zilizomlaza yule mtoto hospitali.

Mtoto hakuwa wa kijijini kwetu. Mama yake ni mama lishe Kasumulu, mpakani na Malawi, karibu na pale malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka Songwe. Anawapikia madereva na makuli, na mtoto alikuwa akishinda naye bandani. Malori yale hukaa saa nyingi injini zikiunguruma, na moshi wa dizeli huelea usawa wa benchi la wateja, usawa huo huo wa uso wa mtoto. Mtoto alikuwa na kikohozi kikavu kwa wiki nzima. Basi mama yake akampeleka kwa bibi yake kijijini.

Alimpeleka ili akapate hewa safi. Hayo ndiyo maneno aliyomwambia bibi, na bibi aliniambia mimi siku ya Ijumaa, tukiwa tumesimama kwenye mpaka wa shamba langu na ua wake. Nikamjibu kwamba amefanya vizuri. Kesho yake jioni niliwasha.

Wengine wanne waliwasha jioni hiyo hiyo, kwa sababu hali ya hewa ilikuwa ile niliyowafundisha. Baridi ya Julai, anga jeupe, upepo hakuna. Moto wangu ulikwenda polepole kama nilivyotaka. Umande ulianza kushuka mapema, mabua yakawa yanafukuta bila kuwaka, na mpaka saa nne usiku vijana waliniambia hakuna hatari tena. Niliwalipa, nikanawa, nikalala usingizi mzuri.

Saa nane usiku mlango ukagongwa. "Mwalimu! Mwalimu, amka, mtoto ananifia."

Bibi huyo ni mkubwa kwangu kwa miaka sita, namwita dada. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Mtoto alikuwa mgongoni kwake, na kabla sijawasha tochi nilisikia mluzi kifuani mwake, mwembamba, kama wa birika linaloanza kuchemka. Kila alipovuta pumzi, nyama katikati ya mbavu iliingia ndani. Alitaka kusema "bibi", akaishia nusu ya neno.

Tulipata bodaboda. Nilikaa nyuma, mtoto kati yangu na dereva, bibi akafuata na bodaboda nyingine. Taa ya pikipiki haikufika mbali; mbele yetu kulikuwa kweupe kana kwamba mtu amemwaga maziwa barabarani.

"Ukungu wa leo ni mzito," nikasema.

Kijana akapunguza mwendo. "Ukungu una harufu hii, mwalimu?"

Sikumjibu.

Hospitalini daktari alimfunua mtoto kifua, akatoa saa, akahesabu pumzi kwa dakika nzima bila kusema na mtu. Zilikuwa hamsini na nane. Baadaye alinieleza kwamba mtoto wa umri ule akifikisha arobaini kwa dakika, tayari ni dalili ya kumkimbiza kwenye matibabu. Wakamwekea oksijeni. Kisha muuguzi akaleta chupa tupu ya maji ya kunywa iliyotobolewa kitako, akapachika pale dawa ya kupuliza, akaufunika mdomo wa mtoto kwa upande wa pili. Ni njia rahisi ya kumvutisha dawa mtoto asiyeweza kuivuta mwenyewe, na inafanya kazi. Baada ya muda, ule mluzi ulianza kulegea.

Ndipo daktari akauliza maswali. Ameanza lini kukohoa? Nyumbani mnapikia nini? Karibu na nyumba kuna moshi wowote, takataka zinazochomwa, mashine, tanuru la matofali?

Bibi alijibu la jiko. Kuni, mafiga matatu, jikoni ndani. Kisha akanitazama mimi, maana mimi ndiye msemaji, mimi ndiye mwalimu.

Nikasema: "Daktari, huyu mtoto ametoka Kasumulu juzi tu. Anashinda na mama yake kwenye malori. Moshi wa dizeli ndio uliomwanza."

Kila neno nililosema lilikuwa la kweli. Nilikuwa nimesimama mbele yake na shati linalonuka moto, na nikatumia ukweli wa Kasumulu kuuziba ukweli wa shambani kwangu. Daktari akaandika. Bibi akainamisha kichwa. Yeye alijua nani amechoma. Moto ule ulikuwa hatua mia mbili kutoka kitandani kwake. Aliniheshimu kiasi cha kutonisahihisha mbele ya mgeni, na mimi nilijificha ndani ya heshima hiyo.

Ungeniuliza saa ile, ningekuambia kwamba moto wangu haukuhusika. Ulikuwa umekwenda vizuri. Haukuruka. Katika kichwa changu, moto uliokwenda vizuri haukuweza kumdhuru mtu. Lakini kama niliamini hivyo kabisa, kwa nini sikuutaja? Nimejiuliza swali hilo miaka hii yote na jibu ni lile lile. Nilijua nimechoma. Sikutaka kujua zaidi ya hapo.

Saa kumi na moja alfajiri bibi aliniomba niende kumwarifu mjomba wa mtoto, anayekaa juu kidogo kwenye ubavu wa Milima ya Livingstone, mahali ambapo simu haishiki. Nikapanda kwa miguu. Nilipofika kwenye jiwe moja ambalo wapandaji wote hupumzikia, kukawa kumekucha. Nikageuka kutazama nilikotoka.

Wanaokaa kando ya Ziwa Nyasa wanawajua wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka juu ya maji kwa mamilioni, ukiwaona kwa mbali unadhani ni moshi. David Livingstone alipokuwa ziwani mwaka 1861 aliwafananisha na moshi wa nyasi zinazoungua. Sisi tulizaliwa nao, hawatudanganyi. Na asubuhi ile, kitu cha kwanza kilichonijia ni hao. Nikasema moyoni, leo wadudu wameingia mpaka bara.

Lakini wadudu husimama kama nguzo na huzunguka. Nilichokiona kilikuwa kimelala. Kilitanda juu ya bonde kama mkeka wa rangi ya kijivu, kimenyooka juu kana kwamba kimekatwa kwa rula, na vilele vya minazi na michikichi vilichomoza juu yake. Juu ya mkeka huo hewa ilikuwa safi kabisa, nililiona ziwa waziwazi. Chini yake kulikuwa na nyumba. Nikafuata kwa macho mahali mkeka ulipokuwa mzito zaidi, na kutoka hapo niliona michirizi mitano ikipanda taratibu. Nilihesabu mashamba. La tatu lilikuwa langu. Mchirizi wake ulipanda kiasi cha mnazi mmoja, ukagonga kitu nisichokiona, ukapinda, ukalala juu ya paa la bibi.

Nilikaa kwenye jiwe. Sikumbuki ni kwa muda gani. Nilikuwa nimeutazama moto tangu mwanzo wa msimu hadi mwisho wake, kwa miaka mitatu, bila kuinua shingo kuangalia moshi unakwenda wapi. Na nilipotazama, nilikuta umekwenda mahali pamoja tu ambapo kanuni zangu ziliweza kuupeleka.

Nilimwarifu mjomba, tukashuka pamoja. Njiani nikamwambia. Hakusema neno mpaka tulipofika barabarani, ndipo akasema, "Na daktari anajua?"

Nikamwambia hajui.

"Basi twende kwanza kwa daktari."

Saa tatu asubuhi nilisimama tena mbele ya meza ile ile. Nilisema: jana jioni nilichoma mabua ya ekari mbili, hatua mia mbili kutoka alikolala mtoto, na wengine wanne walichoma kwa kufuata maelekezo yangu. Daktari aliuliza kwa nini sikusema usiku. Nikamwambia niliona aibu. Akaandika mstari mwingine chini ya ule wa kwanza. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akanivutia kiti, akanifundisha.

Nimeongeza kusoma baada ya siku ile, lakini msingi ni ule alionipa, nami naueleza kama nilivyouelewa.

Ardhi hupoa haraka jioni ya kipupwe yenye anga jeupe. Hewa inayogusa ardhi nayo hupoa, na hewa baridi ni nzito, haipandi. Juu yake inabaki hewa yenye joto kidogo, nayo inakuwa kama kifuniko cha sufuria. Sisi wa Kyela tuko bondeni: mashariki tuna Milima ya Livingstone inayozidi mita 2,000, kaskazini tuna miinuko ya Rungwe, kusini tuna ziwa. Mchana upepo wa ziwani hukoroga hewa hii na kuipandisha. Jioni unapotulia, kifuniko kinashuka. Ule utulivu nilioungoja ili moto usiruke ndio uliofunga moshi chini. Na nilipoyanyunyizia mabua maji na kuchagua saa ya umande, niliyafanya yafukute. Moto mkali huunguza karibu kila kitu. Moto unaofukuta huacha vingi bila kuungua, na hivyo ndivyo vinavyopanda kama moshi: chembe ndogo, kaboni monoksaidi, na kemikali zinazowasha macho na koo. Kanuni ya tatu na ya nne. Na ya pili pia, maana vijana wangu walizima kila mwali uliotaka kuwaka vizuri.

Hatukuwa wa kwanza. Desemba 1952 hewa ilitulia hivyo hivyo juu ya London kwa siku tano, moshi wa makaa ya mawe ukakosa pa kwenda, na watu wapatao 4,000 wakahesabiwa kufa. Wachunguzi wa baadaye walikadiria hata 12,000. Kule Punjab, India, kila Oktoba na Novemba wakulima huchoma mabua ya mpunga kama mimi, na moshi huungana na ule wa magari ya Delhi wakati hewa ya kipupwe imeanza kutulia. Mpunga, magari, hewa tulivu. Nilipoyasoma hayo niliona kijiji changu.

Kuhusu mapafu, daktari alichukua unywele mmoja kutoka kwenye mkono wake. Akaniambia chembe zinazodhuru zaidi ni zile zenye upana wa mikromita 2.5 au chini yake, kiasi cha unywele wa kichwa uliogawanywa mara thelathini. Vumbi la barabarani ni kubwa. Puani kuna vinyweleo na kamasi, na kwenye njia za hewa kuna vinyweleo vidogo zaidi vinavyofagia uchafu kwenda juu ili tuuteme. Chembe hizi ndogo hupita ufagio huo. Zinashuka mpaka kwenye vifuko vya hewa, ambavyo ni mamia ya milioni, vyembamba mno, na ukivitandaza vyote vinafunika takriban mita za mraba 70. Hilo nililielewa mara moja, maana ni zaidi kidogo ya sakafu ya darasa. Kila mmoja wetu ana darasa zima kifuani, na ukuta wake ni mwembamba kiasi kwamba oksijeni inaupenya kuingia kwenye damu. Chembe ndogo zaidi hupenya pia.

Mwili unapozikuta hujitetea. Njia za hewa huvimba, misuli inayozizunguka hujikaza, kamasi huongezeka. Kwa mtu mzima njia ile bado ina nafasi. Kwa mtoto wa miaka minne njia ni nyembamba tangu mwanzo, na uvimbe kidogo unaifanya kuwa tundu la sindano. Hapo ndipo mluzi unapotoka. Isitoshe, mtoto huvuta hewa nyingi kuliko sisi ukilinganisha na uzito wake. Tukilala chumba kimoja chenye moshi mmoja, yeye anapata zaidi.

Nilimuuliza daktari swali la mtu anayetafuta nafuu: kati ya malori na shamba langu, ni kipi kilichomfikisha pale? Alisema hawezi kunigawia. Moshi wa dizeli ulikuwa umezichubua njia zake za hewa kwa wiki kadhaa, jiko la kuni la bibi likaongeza, na usiku wa Jumamosi ukaja juu ya kidonda kilichokuwa wazi. "Mzee," akasema, "ungechoma mtoto akiwa mzima, labda angekohoa tu. Lakini hukuuliza kama ni mzima."

Ni kweli. Niliuliza kama wana ndoo za maji.

Siyasafishi malori kwa kusema haya. Moshi wa dizeli uliwekwa mwaka 2012 na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani. Mwaka 2013 alikufa London msichana wa miaka tisa, Ella Adoo-Kissi-Debrah, aliyekuwa na pumu na aliyeishi kando ya barabara kubwa yenye magari mengi. Mwaka 2020 mchunguzi wa vifo aliamua rasmi kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo chake. Mama yake alipigania uamuzi huo kwa miaka. Nilipousoma mkasa wake nilifikiria ile karatasi ya hospitali. Kama ningeacha jibu langu la usiku libaki peke yake, dawa angepewa, lakini angerudishwa kulala chini ya paa lile lile, na Jumamosi iliyofuata wengine wangechoma.

Gharama ni hizi. Mtoto alikaa hospitali siku tano. Mama yake alifunga banda siku kumi na sita, na aliporudi Kasumulu alikuta mtu mwingine amepachukua mahali pake. Akahamia mtaa wa ndani ambako madereva wachache hufika. Niliuza magunia mawili ya mpunga kulipia matibabu na usafiri, na bibi akauza mbuzi kabla sijajua. Mtoto sasa ana miaka minane. Alipokua, ilithibitika kuwa ana pumu, na mfuko wake wa shule una dawa ya kupuliza. Daktari hakusema kwamba moto wangu ndio uliompa pumu, nami sitasema alichokataa kusema. Alisema tu kwamba tangu usiku ule mapafu yake hayavumilii.

Kuna gharama nyingine ambayo haina risiti. Kuanzia Julai hadi Oktoba mtoto haletwi kijijini. Likizo ile ambayo wajukuu wengine wanakuja kula mihogo na kuoga ziwani Matema, yeye anabaki mpakani, karibu na malori yale yale aliyokuwa ameepushwa nayo. Bibi analala peke yake miezi hiyo. Hajawahi kunilaumu. Bado ananiita mwalimu. Siku moja tu, tukipita shambani kwangu, alisimama akasema, "Nilidhani huku ndiko kwenye hewa." Kisha akaendelea kutembea.

Nilichofanya baada ya hapo si kikubwa. Sichomi tena. Mabua nayatandaza chini ya migomba na mikakao kuhifadhi unyevu, mengine nayalundika na samadi yaoze, mengine anachukua mwenye ng'ombe. Kazi ni ndefu, sikatai. Panya wapo, na mwaka wa kwanza nilichelewa kulima. Lakini nilijifunza kwamba miaka yote ile nilikuwa nachoma na mbolea yangu, maana nitrojeni iliyomo kwenye mabua karibu yote hupotea hewani yanapoungua, na majivu tunayoyasifu hayairudishi. Pumba za mashineni ni ngumu zaidi. Lundo lake hufuka wiki nzima likiwashwa, na bado wengi wanaliwasha. Bibi alinunua jiko la gesi, mwaka ule ule wa 2024 ambao serikali ilizindua mkakati wa kuwafikisha Watanzania asilimia 80 kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Nalifurahia jiko lile. Ila najua kwamba jiko safi haliwezi kuuzuia moshi unaoingia dirishani kutoka kwa jirani.

Na nilisimama kwenye mkutano wa kitongoji, mahali pale pale nilipochora kanuni nne, nikasema nilichofanya, pamoja na jibu nililompa daktari. Hilo la pili ndilo lililokuwa gumu. Nilisema: asiyeweza kuacha kuchoma, angalau asichome jioni, asichome mabua yenye unyevu, asichome siku moja na wenzake, na kabla ya kugusa kiberiti apite nyumba kwa nyumba kuuliza nani anakohoa. Watu walinisikiliza kimya. Wengine waliacha. Wengine waliona mzee ameguswa na jambo la mtoto, litampita.

Hapo ndipo ninapojifunza uzito wa kosa langu. Kukosea shambani kwako ni jambo moja. Mimi nilikosea ubaoni. Julai iliyopita nilimkuta kijana mmoja, sikumfundisha shule, hakuwahi kuhudhuria mkutano wangu wowote, anangoja kando ya shamba lake jua lizame. Amelima ukanda wa hatua nne. Ameweka ndoo kila kona. Nikamuuliza kwa nini asitandaze mabua, na kama lazima achome, kwa nini jioni.

Akanijibu kwa adabu, kama kijana anavyomjibu mzee asiyemjua: "Shikamoo, babu. Hapa kwetu tunachoma jioni upepo ukitulia. Kuna mwalimu alifundisha."

Nikamwambia, "Marahaba. Mwalimu huyo ni mimi," nikakaa chini karibu yake, nikaanza upya.